Jackton Hana Kinyozi Buruburu

Tassia, Embakasi,
Nairobi.
8 Juni 2025

Mpendwa kaka Luseno,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi ya huku. U hali gani huko Doha? Joto linakuacha ulale? Na ule mgongo umepoa? Sisi tu wazima, isipokuwa mmoja, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Ulifurahi sana ulipompigia ndugu yetu Jackton simu, akakwambia amefungua kinyozi Buruburu. Luseno, hakuna kinyozi. Jackton yuko wodini. Macho yake ni ya manjano, tumbo limefura, miguu imebaki kama fito.

Ni chang'aa. Unajua mkono wake ulivyokuwa mwepesi. Kina mama walimletea watoto wachanga, akawanyoa wakiwa usingizini. Kisha mikono ikaanza kutetemeka kila asubuhi mpaka apate kikombe cha kwanza. Siku aliyomkata mzee Mativo sikio, mwenye duka alikokuwa akinyoa alimfukuza. Tangu hapo hakugusa chakula tena, ni kunywa tu. Jumapili moja nilimkuta ngazini amelalia matapishi yake, majirani wakimruka kwenda kanisani. Nilimwosha huku na mimi natapika. Harufu ile haijanitoka kooni.

Daktari alinieleza kwamba pombe imeharibu ini. Tena, kwa kunywa bila kula, ubongo umekosa vitamini, na sehemu ya kumbukumbu imeumia. Ya utotoni anayakumbuka, ya miaka ya karibuni yamefutika, na akili inajaza pengo kwa hadithi.

"Hadanganyi," alisema. "Mwenyewe anaamini."

Kilichonichefua kabisa ni Musau, mlevi mwenzake. Juzi alikuja wodini na chupa ya soda. Kuinusa, chang'aa!

"Siste, ni ya kutoa loki tu," akasema, yaani kuondoa uchovu wa pombe, tena anacheka.

Nilimfukuza, nikaimwaga yote kwenye sinki. Jackton, ambaye hakulia tulipomzika mama, alilia kwa kwikwi akilamba matone kwenye sinki. Nilimwonea kinyaa, Luseno. Ndugu yangu wa damu.

Daktari anasema akiacha kabisa huenda akapata nafuu, lakini si yote yatakayorudi. Kwa hiyo ukija Desemba, ile chupa unayotuletea kila mwaka, tafadhali, iache hukohuko.

Jana nilikwenda na binti yake, Muhonja, yule wa gredi ya tatu. Alimnywesha uji, akampangusa mdomo, akamwambia, "Baba, ni mimi, Muhonja."

"Jina zuri," Jackton akajibu kwa adabu, kama anaongea na mgeni. "Nani alikupa?"

"Ni wewe," mtoto akasema, akaendelea kumlisha.

Nisalimie shemeji Kavinya na pacha wenu. Shangazi Nabiswa anakusalimu na kukuombea. Mungu akutunze ugenini, akurudishe na akili zako timamu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Triza Nekesa