Khairat na ikama iliyotimia

Asma, acha unachofanya usome hii. Khairat wetu, anayejitolea kufundisha hesabu kule Nzuguni, leo kagoma kuingia darasani mbele ya afisa elimu. Mbele yake kabisa 😂

Miaka miwili anasubiri ajira. Leo afisa kaja kuangalia shule ipi apeleke nafasi moja ya mwalimu wa hesabu. Khairat kavaa na ile suti ya mahafali.

Sasa mwalimu mkuu, eti kumwonea mgeni aibu, kwenye ubao wa ofisini kaandika walimu wa hesabu wawili. Wa pili Khairat. Kamwajiri kwa maka peni, hongera zake.

Afisa kasoma, kafurahi. "Nyie mko vizuri, ikama imetimia, walimu mnao wa kutosha. Basi nafasi naipeleka shule ya Haneti."

Imetimia, Asma. La sita peke yake watoto mia na arobaini, wanaandikia magotini. Imetimia.

Kengele ikalia. Mkuu, sauti asali tupu: "Mwalimu Khairat, kipindi chako mama."

Hakuinuka.

"Aende mwajiriwa wa ubaoni, mkuu. Mimi hapa napita tu."

Afisa kaangalia ubao, kamwangalia Khairat, kamgeukia mkuu. Mkuu anatafuta miwani, na miwani kaivaa.

Khairat kachukua dasta, kafuta jina lake mwenyewe, taratibu. Afisa katoa kalamu: "Kwa hiyo mnaye mmoja. Haneti wasubiri kidogo."

Shoga yetu kajifuta mwenyewe ubaoni, na hajawahi kuwa karibu na ajira kama leo.