Mtakatifu Monika na Ng'ombe wa Mahari

Jumatatu, 18 Agosti
Nimefagia uwanja, nimekamua, nimegombana na jogoo. Novena ya Mtakatifu Monika, sala za siku tisa kwa somo na msimamizi wa jumuiya yetu, imeanza leo. Picha yake inazunguka nyumba kwa nyumba, kila jioni kaya moja, mpaka sikukuu. Mwenyekiti wetu, Mama Pelagia, amenipangia Jumamosi. Nimefurahi. Nimeogopa pia. Mume wangu, Baba Kulwa, akiwaona wanajumuiya tu, anakumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe wa kunywesha.

Nia yangu ni ileile ya kila mwaka: ndoa yetu ibarikiwe kanisani, nipate kupokea Ekaristi. Nimeishi na mume huyu mpaka wajukuu. Wengine wakienda kukomunika, mimi nakunja miguu wapite, nabaki kwenye benchi na watoto wadogo. Nimelichoka lile benchi.

Jumatano, 20 Agosti
Sala kwa Mama Pelagia. Katusimulia jinsi Monika alivyomwombea mwanawe aliyepotea, na mume mkali, na mama mkwe juu yake. Hakumwacha mtu wa nyumba ile nje ya sala zake. Alilia sana. Mimi silii, nafoka. Nimemwambia mtakatifu waziwazi: subira yako sina, nigawie. Uji ulikuwa mtamu kupita kiasi. Nikaongeza.

Alhamisi, 21 Agosti
Nimemwuliza tena Baba Kulwa. Jibu lilelile. Ng'ombe wa mahari walishatoka, mimi ni mke wake, anataka kujua naolewa mara ngapi. Akachukua fimbo, akatoka. Na amebatizwa tangu mtoto! Nimeunguza mboga kwa hasira. Ameila yote, na hilo nalo limeniudhi.

Jumamosi, 23 Agosti
Kaka yangu Masunga ametokea Ipililo asubuhi bila taarifa, kuku kwapani. Salamu zake za "Mwangaluka" zilitoa majirani nje. Mtu wa utani huyo, hana breki.

Jioni uwanja umejaa. Baba Kulwa zizini, anajifanya anakagua kwato. Tulipomaliza litania sijui niliingiwa na nini. Nikaitaja nia yangu kwa sauti, mbele ya wote. Halafu Baba Kulwa akatoka zizini. Hakunitazama mimi. Alimtazama kaka yangu.

"Shemeji, sema hawa wakiwepo. Tukienda kwa Padre, unataka ng'ombe ngapi zingine?"

Kumbe! Siku ile ya mahari, Masunga alimtania kwamba ndoa ya kanisani ni harusi mpya, na ng'ombe nao wanaanza upya. Mume wangu akaamini. Kuniuliza mimi hakuweza. Mambo ya ng'ombe wa mahari mwanaume anamalizana na mashemeji, si na mwanamke aliyetolewa ng'ombe hao. Na kuwauliza mashemeji aliona ni kuwakumbusha kudai. Akanyamaza. Miaka yote hiyo, kanyamaza.

Masunga alicheka mpaka akakaa chini. Jumuiya nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Nilitamani kumpiga kwa kuku wake. Nimekosa Komunyo miaka yote kwa ajili ya utani!

Aliponiona uso, kicheko kikamwisha. Akasimama mbele ya picha.

"Sidai hata mkia wa ndama. Dada, nisamehe."

Baba Kulwa akavua kofia, akaja kuketi mkekani. Tukaanza rozari upya kwa ajili yake. Salamu Maria anazikumbuka zote, mzee yule. Nilikuwa nasikiliza kuliko kusali.

Jumapili, 24 Agosti
Nimeamka na hasira, nikaishia kucheka. Masunga kajipa malipizi mwenyewe, anazungushia zizi miiba mipya. Baba Kulwa amekwenda kwa katekista na shati lililopigwa pasi. Amerudi anajifanya hakuna kilichotokea. Tutatangazwa Jumapili tatu, kisha Padre atakuja kutoka Bariadi.

Jumatano, 27 Agosti
Sikukuu ya somo. Vitenge sare, pilau, ngoma mpaka vumbi likapanda juu ya paa la kigango. Komunyo ilipofika nilibaki kwenye benchi kama kawaida. Ila leo tulibaki wawili.

Jumapili, 14 Septemba
Tangazo la tatu. Hakuna aliyeweka pingamizi. Wajukuu wanacheka, bibi anaolewa. Mama Pelagia anataka nivae gauni jeupe na shela. Nimekataa. Akasema nina kichwa kigumu kama mume wangu.

Jumamosi, 20 Septemba
Padre ametubariki asubuhi. Watu wachache. Baba Kulwa aliungama jana, akakaa kwa Padre muda mrefu mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi.

Nimepokea Ekaristi. Sina la kuandika zaidi kuhusu hilo.

Naye amepokea. Akarudi, akapiga magoti, akafumba macho. Mimi nilimaliza kusali mapema. Watu wakaanza kutoka. Yeye bado. Nikamsubiri.