Kwa Nini Baba Amekubali Kupasuliwa

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Magoti yamekuachia, au bado yanakunyima usingizi? Mimi ni mzima kupita kiasi, na mwandiko wangu, kama unavyoona, unawashinda wanao waliosoma mpaka wakachoka.

Habari za Baba si nzuri.

Uliuliza mtu asiyelalamika anapasuliwa kifua ya nini. Hata mimi nilimbana daktari kwa hilo. Akanieleza taratibu, maana aliona shule niliikimbia: wengi wenye ugonjwa huu wa mishipa ya moyo, hali ikiwa imetulia, vidonge vinawatosha, na kisu hakiwaongezei maisha. Ila kwa Baba, ule mshipa mkubwa wa kushoto, unaolisha sehemu kubwa ya moyo, umebana karibu kuziba. Huo hausubiri maumivu, unaweza kuua hata mtu asiyeumwa. Si wa kukimbizwa leo, lakini si wa kuachwa.

Baba akagoma. "Siumwi. Dawa zimeniponya."

Nami nilimwamini. Unaijua karakana yetu: Baba, fundi mkuu, akiinuka tu, sote tunamrukia, huyu kampokea ubao, yule msumeno. Randa ya kulainishia mbao nilimnyang'anya mwaka jana, nikitamba kwamba mikono yake imezeeka. Tangu hapo hajasukuma kitu kizito. Kifua kingemuuma saa ngapi?

Wiki mbili zilizopita akanikejeli kwamba milango yangu inasimama kama imelewa. Mdomo wangu unaujua. Nikamwambia, "Kama umepona, mzee, randa hiyo hapo."

Alisukuma mara chache tu, akashika ukingo wa meza, jasho linamtoka, uso umekuwa majivu. Nikamwekea kidonge chini ya ulimi, nikampepea kwa kofia yake. Alipopata pumzi akanitazama sana, akasema, "Kumbe mzima ulikuwa wewe."

Kesho yake akaniambia nimpeleke kwa daktari, amekubali kupasuliwa.

Anaingia hospitali mwezi ujao. Daktari hakuficha kwamba wengine hawaamki. Sasa kila jioni Baba ananionyesha kila chombo kinakaa wapi, mimi niliyekulia humo humo. Namwacha anionyeshe.

Mpigie simu, Shangazi. Usimwambie asiogope, mwongeleshe tu.

Mama anakusalimu, na dada yangu pia. Wasalimie wanao, hata wale wanaonidharau. Mungu akulinde huko uliko, na atuachie huyu wetu.

Wako akupendaye,
mwana wa kaka yako, yule mwenye mdomo