Barafu Si Tope la Rombo

Shikamoo Mama,

Birmingham kumeganda, na mwanao Elia amenitia hasira. Nilimpikia wifi mtori wa uzazi kama ulivyonielekeza, tukaondoka kumwona yeye na mtoto hospitalini Edgbaston, sufuria mapajani mwangu. Wenzetu barabarani wanatambaa, kila gari limeacha nafasi kubwa mbele. Elia akakanyaga mafuta.

"Kaka, punguza! Hii ni barafu."

"Nimepita tope la Rombo masika yote. Ukilegeza tu, umekwama."

Kwenye kona gari likajigeuza, breki zisisaidie kitu, likapanda ukingo na kusimama pua kwa pua na nguzo ya taa. Nusu ya mtori ikaishia kwenye gauni langu. Na unajua alisema nini? "Ungeshika sufuria vizuri!"

Tukamalizia kwa miguu. Wifi akauliza njia ilikuwaje. Mwanao akajibu bila haya, "Tumekuja polepole."

Kesho anataka kumleta mtoto nyumbani kwa gari hilohilo. Kadi hii itakufikia barafu imeshayeyuka, kwa hiyo sikuombi umkaripie. Funguo nimezificha ndani ya unga; tutakwenda na teksi.

Mjukuu ana paji lako la uso. Tunakupenda sana, Mama.

Neema