Nilivyomzika Baba kwa Sentensi Tatu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Baba hajala tena. Uji vijiko viwili, akageuza uso. Daktari wa Kitui alishasema tumlishe tu, tumpende. Nimeandika hadithi ya lile grupu letu la WhatsApp la hadithi fupi, sentensi tatu:

“Baba ametuacha leo asubuhi. Kiti chake bado kiko nje. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukiingiza ndani.”

Nimelia nikiandika. Naandika ndio nizoee.

Jumapili, 3 Agosti

Woi! Hadithi nimeituma kwa grupu la kanisa! Vidole hivi! Kufuta, kumbe watu washasoma, washaforwadi. Kabla sijajieleza, akina mama wa kanisa wako langoni na wimbo wa maombolezo, Mama Kavindu mbele na kiondo cha sukari. Baba alikuwa amekaa juani. Akawauliza, karibuni, ni nani amekufa? Wimbo ukakatika. Mama Kavindu akaketi chini, puu!

Ilibidi nimsomee Baba hadithi yenyewe. Halafu — ati nimemzika na sentensi tatu tu, mzee mzima kama yeye? Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Mimi aibu inaniua.

Jumatatu, 4 Agosti

Mesej ya kaka yangu Mbithi, kutoka Mombasa. “Nimeambiwa. Nakuja kumzika Baba.”

Huyu hakuja kumzika Mama. Tangu siku hiyo Baba hataki hata kumsikia, na yeye hapigi simu, hata Krismasi. Nikimwambia mzee yuko hai, atageuza njia — namjua. Nikinyamaza, huo ni uongo, si hadithi tena. Lakini Baba ana siku ngapi?

Nimeandika “Sawa.” Nikafuta. Nikaandika tena, nikatuma. Mungu anisamehe.

Jumanne, 5 Agosti

Mbithi amefika saa hii. Suti nyeusi, vumbi mpaka magoti. Alipomwona Baba ameketi na blanketi lake, akashika nguzo ya lango. Begi ikaanguka. Machozi, kamasi, yote — mwanaume mzima!

Baba akamwangalia. Kuangalia kurefu, haki. Halafu kwa ile sauti kidogo imebaki: “Kwa mamako hukufika. Kwangu umewahi.”

Sijui ni karibu ama ni toka. Mbithi naye hajui, bado amesimama hapo langoni. Nimekimbilia jikoni nikabandika chai. Imeshachemka — na sijui nimimine vikombe viwili ama vitatu.