Usiwaache Wanikatie Ekzosi

Mpenzi wangu Baba Neema,

Gari lako limekatwa. Kaa chini kwanza kabla hujaanza kelele, nikueleze pole pole.

Unakumbuka siku ulipolileta hapa Garland, ugenini kwetu? Watu wa kanisa walikuja kuliombea, kama ilivyo desturi yetu kwa gari jipya, ingawa hili lilikuwa limetuzidi umri. Mchungaji alipoweka mkono juu ya boneti, wewe ukavuta kale kakishikio chini ya dashibodi, ekzosi ikanguruma, na ile amina yote ikamezwa. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mimi niliona aibu, wacha tu.

Kale kakishikio! Kila mgeni ulimweleza kabla hajamaliza chai: kwamba kiwanda kiliweka vali kwenye mabomba ya moshi, dereva akivuta gari linanguruma, akirudisha linatulia, kwamba ni wanunuzi wachache waliokachagua, kwamba chini ya gari kila kitu ni orijino. "Cha kiwandani kibaki cha kiwandani," ulisema. Hata hospitalini, mwishoni, hukuniagiza lolote kuhusu nyumba. Ulinishika mkono ukasema, "Mama Neema, usiwaache wanikatie ekzosi."

Mimi nililipenda kwa sababu yangu. Kwetu Kenya mwenye gari akifika hupiga honi getini afunguliwe. Hapa hatuna geti, na majirani hawataki honi. Basi ukifika kwenye kona ulivuta kakishikio, nami nikasikia, nikaja kukufungulia mlango. Siku ambazo nilikuwa nimelala mchana baada ya shifti ya usiku wodini, ulikarudisha, ukaingia taratibu. Sikuwahi kukushukuru kwa ule utulivu. Asante, mpenzi.

Tangu uende, Neema ndiye anayeliendesha. Mwezi uliopita alirudi kutoka Plano ameshika kichwa. "Mum, niko fine," akasema, lakini mimi ni nesi, nikamtazama macho nisiamini. Fundi alilinyanyua gari akanionyesha: mabomba yametoboka, moshi unaingia ndani. Akataka kukata. Nikakataa. Funguo nikazificha kwenye mkebe wa majani chai, gari likakaa.

"Kwa hivyo gari ya Dad itafia hapo?" Neema akaniuliza, machozi yakimlenga.

Neno lako lilikuwa upande mmoja, pumzi ya mtoto wako upande mwingine.

Nikampigia Salim, yule rafiki yako Mtanzania wa Houston mliyejuana naye kwenye maonyesho ya magari. Alinisikiliza, halafu akaangua kicheko. "Shemeji, mabomba gani ya kiwandani? Yale tuliyakunja mimi na marehemu hapa kwangu, tukifuata ya zamani. Gari lilikuja mabomba yake yameshaoza. Orijino ni vali na kale kakishikio tu. Aliniapisha nisiseme!"

Baba Neema! Wageni wote wale, na chai yangu yote ile! Nilikasirika, nikacheka, kisha nikalia hadi kwikwi ikanishika. Kumbe hata kwenye kitanda cha hospitali ulikuwa bado unaringa.

Salim alikuja mwenyewe na mabomba mapya ya umbo lile lile. Kabla hajaanza alinitazama. Nilisikia uchungu, lakini nilimwambia, "Kata." Vali zako alizirudisha mahali pake.

Jana Neema alikwenda nalo Arlington. Jioni nilikuwa nasonga ugali nikasikia kwenye kona mngurumo ule ule. Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Nilikuwa nimeshafungua mlango wote kabla sijakumbuka ni nani anayekuja.

Neema alizima gari, akaniona nimesimama mlangoni na aproni yangu.

"Umeskia, Mum?"

"Nimesikia," nikamwambia. "Ingia ndani, ugali unaungua."

Lala salama, mwongo wangu mpendwa. Mlango bado naufungua.

Mkeo,
Mama Neema