Maneno Mawili Mbele ya Meneja

3 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na shemeji hajambo? Mgongo umepata nafuu? Sisi wazima, mimi nazidi kunenepa, suruali za kazini zinalalamika kuliko mke wangu.

Nasikitika viti vyako sita vimerudishwa. Si uliona mwenyewe: meneja wetu wa hoteli hajui Kiswahili, na siku ile alinuna tangu asubuhi. Alivitazama, akakunja pua, akaniuliza mimi mtunza stoo wake navionaje. Kaka, nilikutetea! Kiingereza chote nilichonacho nilikimaliza pale. Ndiyo maana uliniona nacheka na kukupigapiga bega. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Usivunjike moyo, kazi nyingine itakuja.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo haujambo. Shemeji yako anakusalimu.

Ulisema "rabishi". Meneja alipocheka ukaongeza "krapu", mkacheka wote wawili.

Kiingereza changu ni kidogo, lakini hayo ndiyo niliyoanza nayo. Kabla sijafungua karakana yangu nilikaa miaka kumi na moja chini ya msimamizi mgeni ambaye hakuwa na maneno mengine ya kutuambia. Ukileta meza: rabishi, yaani takataka. Ukileta mlango: krapu, takataka ile ile na tusi juu yake.

Yule sikumlaumu. Hakuwa mtoto wa mama yangu.

Kaka yako

30 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Nakujulia hali tena, ingawa barua zangu tatu hukuzijibu, na una haki.

Viti vilikuwa vizuri. Nilivikalia vyote sita kabla meneja hajaingia, na uzito wangu unaujua. Hakuna hata kimoja kilichoguna. Lakini alipokunja pua niliona haya, nisije nikaitwa ndugu wa fundi wa vichochoroni. Nikawahi kucheka kabla sijachekwa. Maneno yenyewe niliyaokota kwa wageni wa hoteli, nikajiona msomi, nikadhani wewe huyajui. Mtu mzima hovyo, ndiye mimi. Halafu nikakuandikia kuwa nilikutetea! Hilo ndilo linaloninyima raha kuliko yote.

Juzi nilimweleza meneja ukweli. Akasema viti vingine vimeshanunuliwa, akarudi kwenye makaratasi yake.

Jumapili nikaja kwako. Shemeji akanikaribisha, akasema umetoka. Viatu vyako vilikuwa mlangoni. Nikanywa chai polepole, nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayenadi nguo kuukuu, kwamba mumewe ni fundi hasa na mimi ni mwongo. Shemeji akatazama chini. Nikangoja. Ukakohoa chumbani, mara moja.

Nikaosha kikombe changu, nikaaga.

Mdogo wako